Sukari Ndani ya Kibuyu

Viatu vya mtu aliyezama vilikuwa vimepangwa vizuri mno.

Sajini Eulalia Yujra aliviweka juu ya meza ya kituo cha polisi cha Copacabana, akaketi mbele yake na kikombe cha chai ya koka. Vilikuwa viatu vya kupandia milima, ngozi ya kahawia, kisigino cha kulia kimelika upande. Pembeni yake kulikuwa na shanta la kijani lenye kibendera cha Argentina kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, na daftari la jalada gumu. Vyote viliokotwa Ijumaa saa tatu asubuhi kwenye mchanga wa ziwa, hatua mia mbili kutoka gatini. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Wanamaji wanauliza kama waendelee kutafuta," alisema Koplo Ticona. Alikuwa amesimama mlangoni akipangusa mvua kwenye kofia yake. "Wawili wameshapata mafua. Na mwendesha mashtaka amepiga simu. Anataka karatasi kabla ya saa sita mchana. Karatasi moja tu, afande. Hernán Bressan, miaka arobaini na mmoja, amezama. Mkewe asaini, wewe usaini, sisi twende tukale samaki."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiye sababu ya haraka yote. Hana saini ya baba, hana cheti cha kifo cha baba, basi hawezi kuvuka mpaka wowote na mama yake. Uhamiaji hawana utani na watoto. Mama anataka kumrudisha kwao Rosario. Yuko gesti, anasubiri karatasi."

Eulalia aliinua kiatu cha kulia. Alipitisha ukucha kwenye mshono wa soli, ukatoka na unga mweupe. Akauonja.

"Chumvi," alisema.

"Walipita jangwa la chumvi la Uyuni. Imeandikwa kwenye daftari lao."

"Wiki mbili zilizopita. Toka hapo imenyesha Oruro, imenyesha La Paz, hapa inanyesha tangu Jumatano waliposhuka kwenye basi. Angalia viatu vyako."

Ticona aliangalia viatu vyake. Vilikuwa na tope mpaka juu ya vifundo.

"Sasa angalia hivi."

Koplo aliinama juu ya meza. Eulalia alifungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa mwanamume, umezungushiwa maua na mtoto kwa penseli za rangi. Sheria za Safari, ndivyo kilivyosema kichwa chake. Ya kwanza, bei ya kwanza ni mzaha. Ya pili, tunalala palipo na jiko. Ya tatu, anayebeba chungu habebi hema. Ya nne, sukari haigusi kibuyu. Ya tano ilikuwa imefutwa, na juu yake mtoto ameandika: Baba asiimbe kwenye basi. Kurasa zilizofuata zilikuwa za njia: mji, tarehe, mahali pa kulala, jina la mtu aliyewapa lifti. Mwandiko wa mwanamume uliishia Uyuni, ingawa majina ya miji iliyobaki yalikuwa yamekwisha kuorodheshwa mbele. Kati ya Uyuni na Oruro ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa. Haukuchanwa. Umekatwa kwa kunyooka, kando ya rula.

Eulalia alilitia daftari ndani ya koti.

"Nipeleke kwa yule shahidi wako wa mashua," alisema.

Don Rufo alikuwa anachota maji kwenye boti yake kwa debe la mafuta. Nyuma yake vile vibaiskeli vya majini vyenye umbo la bata maji vilikuwa vimefungwa kwa mnyororo mmoja, vimejaa mvua.

"Nimeshasema yote kwa koplo," alisema. "Ijumaa, boti ya kwanza ya kwenda Isla del Sol. Yule mgeni alikuja akauliza nauli, akaona kubwa, akaondoka akitembea kuelekea kule mchangani."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Ndevu. Sura ya mtu asiyeoga."

Eulalia alitoa picha kwenye pochi yake, akamwonyesha. "Ni huyu?"

Don Rufo aliinama, akaitazama kwa jicho moja. "Huyo huyo. Naapa kwa Mama Bikira wa Copacabana. Hata lile koti nalikumbuka."

"Huyu ni shemeji yangu. Anauza matairi El Alto. Anaogopa maji, hata bafuni huingia kwa kusukumwa."

"Basi wanafanana, mama," alisema Don Rufo bila haya. "Wote wana ndevu na wote wanaomba kupunguziwa. Na mimi sikusema nilimwona. Koplo aliniuliza kama huenda nilimwona. Nikasema huenda. Yeye akaandika ndiyo."

Ticona aligeuka kuwatazama wale bata.

"Futa hiyo ndiyo," Eulalia alimwambia, wakaanza kupanda kilima.

Gesti ya Don Eleuterio Tintaya ilikuwa ya vyumba sita na jiko moja la wageni wote. Mwenyewe walimkuta akimenya viazi, daftari la wageni liko juu ya friji. Alilifungua kwa mikono yenye maji. Majina matatu, namba tatu za vitambulisho: Hernán Bressan, Jorgelina Ferrero, na mtoto, Abril Bressan Ferrero, miaka kumi.

"Huyu mwanamume ulimwona?" Eulalia aliuliza.

"Nimeandika kitambulisho chake."

"Sikukuuliza hilo, Don Eleuterio."

"Afande, sheria inataka kitambulisho. Haijasema nimwangalie mtu usoni. Mkewe aliniambia mumewe kashikwa na soroche, kichwa kinampasuka, kapita moja kwa moja kulala wakati mimi niko sokoni. Watu wa kwao wakipanda huku juu wote huumwa. Nilimsikia akikohoa."

"Ulimsikia mwanamume akikohoa, au ulisikia kikohozi?"

Don Eleuterio aliacha kumenya. "Kikohozi," alisema.

"Kilikuwa na ndevu?"

Ticona alicheka peke yake.

"Kuna jambo moja lilinishangaza," alisema Don Eleuterio, sasa kwa sauti ya chini. "Walilipia vitanda vitatu. Watu wa mashanta, afande! Nina miaka ishirini nawalaza hawa. Wakiwa watatu wanaomba kitanda kimoja na godoro la chini, na godoro wanataka bure. Yule mama hakubishana hata peso moja. Alisema, vitanda vitatu, tuko watatu. Alirudia mara mbili."

"Hapa jikoni nani alikuwa anakuja?"

"Mama na binti. Asubuhi mama anachemsha maji ya kile kinywaji chao cha kibuyu. Kisha ananiomba sukari."

"Sukari ya mtoto?"

"Ya kibuyu. Vijiko vitatu. Anamimina hapa hapa mbele yangu, palepale juu ya majani."

Eulalia alisimama kidogo, mkono wake juu ya mfuko wa koti lenye daftari. Kisha akauliza chumba ni kipi.

Chumba kilikuwa na vitanda vitatu vilivyotandikwa sawasawa. Jorgelina Ferrero alikuwa ameketi kwenye cha katikati, amevaa soksi za sufu, midomo imebabuka kwa jua la milimani. Hakuinuka. Abril alikuwa sakafuni, amefunga nyuzi kwenye kidole kikubwa cha mguu, anasuka bangili. Bangili zilizokwisha zilikuwa zimepangwa kwenye kipande cha kadibodi, tayari kwa kuuzwa.

"Karatasi iko tayari?" Jorgelina aliuliza.

"Bado maswali mawili matatu, mama."

"Karibuni. Nimechemsha maji sasa hivi." Alisema hivyo kama mtu anayesoma bango barabarani. Alimimina maji kwenye kibuyu kutoka chupa ya chai, akakisogeza.

Ticona alishika tumbo lake, akakataa kwa adabu. Eulalia alikipokea. Kilikuwa kibuyu kikuukuu, kimefungwa ngozi kiunoni, na herufi H.B. zimechomwa kwa moto upande mmoja. Akavuta kwa mrija wa chuma mpaka maji yakalia. Yalikuwa matamu kama soda. Alikirudisha, akafuta mdomo.

"Ijumaa mumeo aliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Alitaka kupiga picha jua likichomoza. Hakutaka kumwamsha mtoto."

"Soroche ilikuwa imemwacha?"

"Alisema ana nafuu."

"Alikula?"

"Hapana. Tulikunywa yerba tu, mimi na yeye. Kama kila siku."

"Kwa kibuyu hiki."

"Hatuna kingine. Ni chake. Alipewa na baba yake." Alimimina tena, akanywa mwenyewe. "Kisha akabeba shanta, akatoka."

"Akavaa viatu vyake."

"Ndiyo."

Abril alikuwa ameacha kusuka. Nyuzi zilikuwa bado kwenye kidole.

"Koplo," alisema Eulalia, "mpeleke binti nje akakuonyeshe zile bangili. Nunua moja."

"Abril, nenda," mama yake alisema. "Kamwangalie paka wa Don Eleuterio."

"Nimeshamwona," alisema Abril. Lakini aliinuka, akakusanya kadibodi yake, akatoka na Ticona. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Ulifungwa nusu.

Eulalia alichukua kile kibuyu bila kuomba. Alikwangua ukuta wake wa ndani kwa ukucha, juu ya majani. Utando wa kahawia ulibanduka, unanata, una harufu ya sukari iliyoungua. Chini yake kulikuwa na utando mwingine.

"Mama yangu alikuwa fundi cherehani Buenos Aires," alisema. "Miaka sita, karakana moja ya mtaa wa Liniers, watu kumi na wanne chumba kimoja. Mimi nilikuwa nachemsha maji. Tajiri wetu alikuwa na kibuyu chake kama hiki. Siku moja, nina miaka minane, nikakitia kijiko cha sukari nikidhani namfurahisha. Alinizaba kofi. Kofi nimelisahau. Ninachokumbuka ni kwamba alikitupa kibuyu kwenye pipa la taka. Alisema kikishaonja sukari kimekufa, mtu anayekunywa chungu hawezi kukigusa tena."

Jorgelina alikuwa anatazama mikono ya Eulalia.

Eulalia aliliweka daftari kitandani, limefunguliwa ukurasa wa kwanza. "Sheria ya nne. Mwandiko wa nani?"

"Wake."

"Huu utando haukujengwa kwa siku tatu tangu Ijumaa. Mumeo hajanywa kwa kibuyu hiki siku nyingi. Viatu vyake havijakanyaga tope la Copacabana. Umelipia kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Yuko wapi, mama?"

Nje, Ticona alikuwa anauliza bei ya bangili, na Abril anamwambia bei ya kwanza ni mzaha.

"Nilianza kuweka sukari siku ya pili," alisema Jorgelina. "Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Kwa miaka kumi na miwili nilikunywa chungu kwa sababu yake."

"Siku ya pili baada ya nini?"

Alieleza kwa sauti ileile moja, akitazama kitanda cha upande wa dirisha. Hernán alianza kukohoa Uyuni. Alisema ni soroche, itapita. Walipata lifti kwenye lori lililokuwa linatoka upande wa Chile likivuta magari mawili yasiyo na karatasi. Dereva hakutaka kupita mjini, alizunguka nyikani. Abril alilazwa kwenye kiti cha nyuma ya dereva, amefunikwa koti mpaka kichwani. Hernán alikuwa anapumua kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko. Kulipoanza kupambazuka akanyamaza.

"Dereva akasema polisi hapana. Akasema samahani, mara nyingi. Alikuwa na koleo. Alichimba yeye, mimi nikabeba mawe."

"Jina lake?"

"Aliniomba nisimuulize."

"Halafu?"

"Halafu tukaendelea. Miji ilikuwa imeandikwa kwenye daftari. Oruro, La Paz, Copacabana. Nilifuata. Sikujua namna ya kusimama."

"Oruro kuna polisi."

"Niwaambie nini? Kwamba nimemzika mume wangu mahali nisipopajua, na aliyenisaidia sijui jina lake? Mngenifunga, na mtoto mngempeleka kwa watu." Aliweka kibuyu chini, akakigeuza herufi zitazame ukuta. "Kwenye basi la kuja hapa mwanamke mmoja aliniambia ziwa hili linachukua watu na halirudishi. Aliniambia nisimwache mtoto acheze karibu. Mimi nikafikiria karatasi."

"Mtoto anajua?"

"Alikuwa amelala. Nilimwambia gari jingine limempeleka baba yake hospitali, atatukuta hapa. Ijumaa nikamwambia amekuja usiku yeye akiwa usingizini, ametoka alfajiri. Hakuuliza."

Eulalia alitoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya goti. Palikuwa na mstari ulioandikwa Mahali pa kifo. Ticona alikuwa amekwisha kuujaza kwa mwandiko mzuri: Ziwa.

"Kudanganya polisi ni kosa, na utalijibu," alisema. "Lakini hilo dogo. Sikiliza kubwa. Bila maiti, mwendesha mashtaka ataniuliza kwa nini niamini kwamba hukumuua. Na mimi sina jibu. Akionyeshwa mapafu ya mumeo, daktari atajua alikufa kwa nini, na cheti utapata, na mtoto utarudi naye kwenu. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye swali moja. Ni wapi?"

"Ilikuwa jangwa."

"Jangwa lote lile?"

"Kulikuwa na mlima."

"Kuna milima mia."

"Sijui," alisema Jorgelina. "Nilikuwa natazama chini."

Eulalia alisubiri. Mvua iligonga bati, ikaacha.

Mlango ulisukumwa. Abril aliingia, mguu mmoja hauna kiatu, soksi imevuliwa nusu. Ticona alikuwa nyuma yake, bangili ya buluu mkononi, uso umesawijika.

"Afande, amesikia. Nilimshika, lakini..."

"Ukurasa niliukata mimi," alisema Abril. "Kwa rula, ili baba asione nimeharibu daftari. Halafu nikakumbuka hataona."

Alitoa karatasi ndani ya soksi. Ilikuwa imekunjwa mara nane, imelainika kama kitambaa. Eulalia aliikunjua juu ya fomu. Ilikuwa picha ya penseli. Mlima wenye vilele viwili, theluji kwenye kimoja tu. Reli iliyonyooka. Tangi la maji jeusi lenye ngazi iliyovunjika. Kando ya reli nguzo fupi, na juu yake namba imekolezwa mara mbili: 214.

"Hii namba uliiona wapi?"

"Kwenye hiyo nguzo. Taa za lori zilikuwa zinaimulika."

Ticona aliinama juu ya bega la sajini wake. "Hiyo ni reli ya zamani ya kwenda Chile. Nguzo zake ni za kilomita." Alihesabu kwa vidole. "Na hilo tangi nalijua. Kaka yangu alikuwa mlinzi wa njia kule. Afande, hapo panafikika kwa siku moja."

Eulalia alipiga mstari juu ya neno Ziwa. Akaandika juu yake: kando ya reli, nguzo ya kilomita 214. Kisha akaweka ncha ya kalamu chini ya nguzo, kwenye picha, palipokuwa na rundo la viduara vidogo vilivyochorwa kimoja kimoja, kila kimoja na kivuli chake.

"Na haya?"

"Mawe," alisema Abril. "Thelathini na saba. Niliyahesabu yalipokuwa yanapangwa."

"Ulikuwa umelala," alisema Jorgelina.

"Ulitaka niwe nimelala." Abril alikuwa anavuta soksi yake juu, taratibu, akiangalia kisigino kikae mahali pake. "Ulipogeuka kuangalia lori nikafumba macho."

Jorgelina alinyoosha mkono. Eulalia alimpa karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole juu ya jiwe la kwanza. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikwenda polepole mpaka la mwisho, akaacha kidole pale.

"Thelathini na nane," alisema. "Moja niliweka ulipofumba."

Abril alimtazama. Kisha alimwomba Sajini kalamu, akapiga magoti kando ya kitanda, akatafuta nafasi kati ya mawe, akalichora.